Kauli Moja

Jumapili, mchana

Dada yangu mpenzi,

Naanza na salamu, maana najua usipoziona utasema nimesahau malezi ya mama. Hujambo? Shemeji hajambo? Na miguu je, bado inavimba ukitoka zamu ya wodini, au hatimaye ulipata vile viatu vya soli laini ulivyokuwa ukivitafuta? Sisi huku ni wazima. Mwanao ni mzima kabisa, anakula, analala na anabishana, na kati ya hayo matatu hajapunguza hata moja. Amerefuka mpaka sketi ya shule imeanza kuwa aibu. Nimeushusha upindo wote, hakuna tena kitambaa cha kushusha, kwa hiyo ukituma nguo usitume za saizi unayoikumbuka wewe.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Dada, kwenye simu wewe hunikatiza. Nikianzisha jambo unalimalizia, na mara nyingi unalimalizia vizuri kuliko lilivyo, nami nakubali kwa sababu ni raha kukubali. Hili nataka nilimalize mwenyewe. Barua nitaikabidhi kwa dereva wa basi kesho asubuhi. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunifokea, halafu unifokee utakavyo.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikusimulia chumba chetu cha walimu zamani. Kila mtu na kabati lake, kila kabati na kufuli lake. Chaki tulifichana kama watu wa njaa wanavyofichana unga. Mimi na Mwalimu wa Hesabu hatukusalimiana karibu mwaka mzima kwa sababu aliichukua ramani yangu ya ukutani, akaigeuza, akachora pembetatu nyuma yake. Mwalimu mgeni akija tulimtazama tu anavyohangaika kutafuta daftari la mahudhurio, na aliyekuwa amelikalia hasemi. Vikao vyetu vilikuwa vita. Wenye sauti kubwa walisema, wenye sauti ndogo walinuna, na tukitoka kila mmoja anakwenda kuwapa wazazi toleo lake. Wanafunzi walijua yote, watoto hawafichwi kitu. Matokeo ya mitihani yakawa ya kulia, wazazi wakaanza kuhamisha watoto mmoja mmoja.

Ndipo Mkuu wetu akarudi kutoka semina. Wewe hujamwona. Ni mtu mpole, mrefu, ana tabia ya kupangusa miwani kwa ncha ya tai yake anapotafuta neno. Alituketisha, hakutuhubiria. Alitaka kila mmoja aandike kwenye kikaratasi kitu kimoja kinachomuumiza vikaoni, bila jina. Alivisoma kwa sauti, na dada, yalimwagika kama unga. Kumbe kila mtu alikuwa ameumia, na kila mtu alidhani ni yeye peke yake. Kutoka kwenye vikaratasi vile tukatunga makubaliano yetu, tukayaandika kwa wino mzito kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani juu ya birika la chai. Tutasikilizana bila kukatizana. Tutaamini kwamba mwenzetu ana nia njema. Hatutamsema asiyekuwepo. Yanayosemwa humu yanabaki humu. Na tukishaamua, tunatoka na kauli moja.

Kulikuwa pia na habari ya dole gumba. Badala ya kupigiana kelele, kila jambo likiisha kujadiliwa, kila mmoja ananyoosha mkono. Dole likisimama juu, nakubali. Dole likilala ubavu, sijaridhika sana lakini sitawazuia wenzangu. Dole likishuka chini, nakataa, ila ukishusha dole ni lazima utoe njia nyingine hapo hapo, usiwe mtu wa kupinga tu. Hilo la mwisho nililipendekeza mimi. Nilikuwa nimechoka na watu wa kupinga tu.

Mwanzoni nilicheka. Nilikuwa nikiiita ile manila amri za Musa. Lakini dada, sikudanganyi, mambo yalibadilika. Mwalimu wa Hesabu aliniletea ramani yangu akiwa ameipiga pasi, kwa aibu mpaka masikio yamemwiva, akasema alikuwa na hasira za nyumbani siku ile na ramani ndiyo iliyokuwa karibu. Akaanza kuja kuketi nyuma darasani kwangu nikifundisha skeli za ramani, nami nikaenda kwake kujifunza jinsi anavyowafundisha watoto sehemu kwa kuwakatia karatasi. Mwalimu wa Muziki, yule tuliyemwona ana maringo kwa sababu haitikii salamu, alipopewa zamu ya kusema bila kukatizwa alituambia sikio lake moja halisikii tangu utotoni. Miaka yote ile! Nililia mbele za watu. Tangu siku hiyo tunamsalimu upande wa kulia, na hakuna mwenye furaha kuliko yeye. Makufuli yakatoka kwenye makabati. Matokeo yakapanda. Wazazi waliokuwa wamehamisha watoto wakawarudisha. Ni wakati huo ndipo nilipokuambia umlete mtoto aje asome kwetu. Nilikuambia shule imekuwa shule. Nilikuwa nasema kweli.

Basi tukawa watu wa kupatana mpaka tukataka kufanya jambo kubwa pamoja. Vyoo vya wanafunzi vilikuwa vibovu, tukaamua kujenga vipya. Mahali pakajadiliwa, tukachagua ubavuni mwa jengo la ghorofa, pale mwisho, ili watoto wasitembee mbali. Madole yote yalisimama juu, na langu likiwemo. Fundi akaja na watu wake wakachimba shimo refu la kina kikubwa sambamba na ukuta wa jengo. Kisha vifaa vikachelewa, fundi akapata kazi kwingine, akasema atarudi. Shimo likabaki wazi, limezungushiwa kamba.

Sasa juu ya shimo hilo, ghorofani, chumba cha mwisho kabisa, ndicho Darasa la Sita A. Mwalimu wa darasa ni mimi. Chini yake ni stoo ya madawati mabovu. Sita B wako upande wa pili wa uwanja, kwenye jengo la chini lile jipya. Mwanao aliandikishwa Sita A kwa sababu nilitaka awe machoni pangu.

Kwanza ulianza mlango. Ulikuwa unafungwa kwa kidole, ukaanza kutaka bega. Kisha asubuhi tukiingia tunakuta unga mweupe juu ya madawati ya nyuma, watoto wanaupangusa kwa mikono ya sweta na kuendelea. Kisha penseli. Ukiweka penseli juu ya dawati inabingirika yenyewe kuelekea ukuta wa mwisho, na watoto wakafanya mchezo, wanazipanga mstari na kushangilia ipi itafika kwanza. Siku moja nilisogeza kabati la vitabu nikaona ufa. Ulianzia sakafuni ukapanda mpaka karibu na dari, na kwenye kona unaweza kuingiza kiganja. Yale ya wahenga kuhusu ufa na ukuta sina haja ya kukuandikia. Nimeifundisha methali hiyo humo humo darasani, nimeiandika ubaoni kwa chaki ya rangi, nao ufa uko nyuma ya kabati unanisikiliza.

Mimi nafundisha udongo, dada. Nafundisha mfinyanzi unavyokunywa maji, unavyovimba, unavyoteleza. Nilijua ninachokitazama.

Nilikipeleka kikaoni. Usidhani nilinyamaza. Nilingoja zamu yangu, nikasema vizuri, na nilisikilizwa vizuri mno. Hakuna aliyenikatiza. Mkuu alinishukuru kwa ujasiri. Mwalimu wa Hesabu alipanda mwenyewe kwenda kutazama, akarudi, akasema ameuona. Kisha Mkuu akatueleza hali ilivyo. Alisema wakaguzi wakipata habari hizi watalifunga jengo zima, siyo chumba kimoja. Watoto waliomo watatawanywa kwenye shule ambazo hawajui hata kengele zao, na mitihani iko mlangoni. Wazazi waliorudi kwetu juzi juzi wataondoka na hawatarudi tena, na kila tulichokijenga humu kitakuwa kazi bure. Alisema amezungumza na fundi, fundi ameapa atarudi mara baada ya mitihani, atafukia shimo na kuweka nguzo za kushikilia ukuta. Tusubiri mitihani iishe, tusiwatie watu hofu. Alipangusa miwani yake. Aliposema hayo hakuwa mtu mbaya, dada, alikuwa mtu aliyechoka anayetupenda.

Tukaombwa madole. Nilitaka kulishusha langu. Lakini ukilishusha utoe njia nyingine, na mimi njia sikuwa nayo. Hakuna chumba kilicho wazi, hata ukumbini wamekaa watoto wa chini, madarasa mawili yanapokezana ubao mmoja. Nikajiambia Mwalimu wa Hesabu ni mtu wa vipimo, kama kuna hatari ya kweli atashusha yeye. Nina hakika naye alikuwa akinitazama mimi na kujiambia huyu ndiye wa udongo. Nikalilaza langu ubavu. Nikainua macho kuzunguka meza. Yote yalikuwa yamelala ubavu. La Mwalimu wa Muziki, la yule dada wa Sayansi, la wageni walioajiriwa mwaka huu. Na la Mkuu mwenyewe, dada, lilikuwa limelala ubavu. Hakuna hata mmoja aliyekubali, na jambo likapita.

Tulipotoka tulikuwa tunatabasamu kidogo, kama watu waliotoka kuona mgonjwa na kuambiana anaendelea vizuri. Chai ya siku ile ilikuwa tamu. Na kuanzia hapo halikutajwa tena. Lingetajwa wapi? Kikaoni limekwisha kuamuliwa, nje ya kikao ni kauli moja, na kunong'onezana wawili wawili ndicho kile kidonda cha zamani tulichoapa kutokirudia. Zamani, dada, tulipokuwa tunachukiana, mtu mmoja angekwisha kukimbia kwa wazazi na habari ile kabla ya chai kupoa, kwa nia mbaya kabisa, ili tu Mkuu aaibike. Nimelifikiri hilo mara nyingi.

Ila miili yetu haikuwa imetia sahihi kwenye manila. Mwalimu wa Hesabu, anayependa kutembea katikati ya madawati, akaanza kufundisha Sita A akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja kwenye baraza. Mwalimu wa Muziki akagundua ghafla kwamba sauti za watoto hukomaa vizuri uwanjani. Dada wa Sayansi akawa anamaliza kipindi kabla ya kengele. Watoto wakadhani ni mbinu mpya za kufundishia, wakafurahi. Mimi niliwasogeza wa nyuma waje mbele, wakabanana wanne wanne, nikawaambia nataka wasikie vizuri.

Kisha mvua zikaanza. Shimo likajaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, vyura wakahamia. Watoto wakawa wanaegemea dirisha kuwatupia vijiwe, nami nawakemea kwa ukali usiolingana na kosa. Siku moja katikati ya kipindi kioo cha dirisha kilipasuka chenyewe, pa!, hakuna aliyekigusa. Darasa zima likanitazama mimi. Niliwaambia ni joto. Mvua inanyesha, dada, na mimi nawaambia watoto ni joto, na wakaandika.

Haikuishia kwa watoto. Mama mmoja, fundi cherehani wa pale njia panda, alikuja kuulizia ada, akapanda ngazi, akaona ninavyousukuma mlango. Akauliza kwa mzaha kama shule inafuga jini. Nilimjibu kwamba mbao zimevimba kwa unyevu. Jibu lilitoka lenyewe, laini, hata sikulitafuta. Nilipofika chumba cha walimu nikamsikia mwenzangu akimwambia mzazi mwingine kwenye simu maneno yale yale, mbao na unyevu, na hatukuwa tumeambizana.

Ndipo wakaanza kuja kwangu mmoja mmoja. Mtoto akihama mkondo ni lazima mwalimu wa darasa atie sahihi. Wa kwanza alikuwa Mwalimu wa Hesabu. Alisema kijana wake haoni ubao vizuri, na Sita B kuna mwanga zaidi. Kijana yule anaona mpira angani kabla haujapigwa. Nikatia sahihi. Akaja Mwalimu wa Muziki, akanipa sikio lake zima huku akitazama chini, akasema binti yake ana marafiki wa kumpotezea muda. Nikatia sahihi. Kisha Mkuu akaniita ofisini. Mjukuu wake anaishi naye, ana pumu, akasema vumbi la chaki huko juu linamsumbua. Alisema vumbi la chaki. Tulitazamana. Akaishika tai yake, akapangusa miwani, akaendelea kupangusa muda mrefu baada ya miwani kutakata. Nikatia sahihi. Tulikuwa tumekubaliana kuamini kwamba mwenzetu ana nia njema, na kweli nia zao zilikuwa njema. Ni nani mwenye nia njema kuliko mzazi?

Sasa dada, vuta kiti.

Jumatano iliyopita nilimhamisha na mwanao. Sikukuuliza, wala sikukuambia. Sababu niliyoandika ni kwamba si vizuri mtoto kufundishwa na mama yake mdogo, anaweza kudekezwa. Ni sababu nzuri, hata wewe ungeikubali. Alibeba begi lake akavuka uwanja, mimi nikamtazama kutoka dirishani mpaka akaingia kwenye lile jengo la chini, na nakuambia kweli, nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu siku niliposogeza kabati. Nililala usingizi wa mtoto mchanga. Usiku ule sikuota hata ndoto moja.

Asubuhi yake nikaita majina. Nikafika mwisho, nikafunga daftari, nikawatazama. Dada, hakukuwa tena na mtoto wa mwalimu hata mmoja Sita A. Waliobaki ni wa fundi cherehani, wa madereva, wa muuza mkaa, wa yule mama anayefagia hospitali. Wote wamebanana mbele kama nilivyowapanga, wananitazama, penseli mkononi. Tulikuwa tumewatoa wetu wote, kimya kimya, kwa adabu, bila yeyote kuvunja kipengele hata kimoja. Nilishika ukingo wa meza. Nilifundisha, sijui nilifundisha nini.

Mwanao hakufurahi kuhama. Ana rafiki yake huko Sita A, mtoto wa huyo huyo fundi cherehani, wanamwita Kicheko kwa sababu akianza kucheka darasa zima linaharibika. Walikuwa dawati moja. Ijumaa jioni tulikuwa tunachambua mchele, akaniuliza kwa nini yeye kahamishwa na Kicheko hakuhamishwa. Nikampa ile sababu ya kudekezwa. Akaendelea kuchambua. Kisha akasema mbona na wa Mwalimu wa Hesabu kahama, na wa Muziki, na mjukuu wa Mkuu. Akasema watoto wameona, wanasema Sita A imekuwa ya watu wa nje. Kisha akauliza kama ni kwa sababu ya penseli. Nilishindwa kumdanganya, macho yake ni yako matupu. Nikamwambia ukuta si mzima, lakini utatengenezwa. Akafikiri. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi iko wapi: kwa hiyo mama yake Kicheko hajui?

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia yanayosemwa humu yanabaki humu. Ilikuwa manila inayosema kupitia kinywa changu, jikoni kwangu, kwa mtoto wako. Aliniitikia ndiyo mama mdogo, akaenda kulala bila kuniaga.

Tangu hapo sikai wala sisimami. Utaniuliza kama makubaliano yale yalikuwa mabaya tangu mwanzo, na nimejiuliza kabla yako. Sidhani. Yalitutoa mbali, na nikimkumbuka Mwalimu wa Muziki akicheka tukimsalimu upande wa kulia, sitaki kurudi kule tulikotoka. Lakini tuliaminiana sisi kwa sisi mpaka tukasahau waliotuamini sisi. Hatukuwauliza wao wanataka tukubaliane nini. Na ile nafasi ya kusema sina njia nyingine lakini hapana, tuliifunga, na aliyeifunga ni mimi kwa ujanja wangu. Naogopa, dada. Nawaogopa wenzangu kuliko ningewaogopa maadui, maana adui ukimuudhi unapoteza nini? Hawa wakininunia chumba kile kitakuwa baridi, na sina kingine mjini hapa ila chumba kile na mwanao.

Nimeamua hivi. Ijumaa nilipotoka nilikifunga chumba cha Sita A na ufunguo nikaondoka nao, uko kwenye mkoba wangu. Mkuu ana wa akiba, najua. Lakini kesho asubuhi kabla ya kengele nitasimama mbele ya wenzangu nilishushe dole langu, na nikiulizwa njia nyingine nitasema sina, wakae chini ya mwembe, wakae barabarani, ila huko hawapandi. Wakikataa, nitakwenda getini kuwaambia wazazi mmoja mmoja. Huenda kufikia jioni sitakuwa na kazi. Nimekuandikia leo ili ukisikia kutoka kwa watu kwamba mdogo wako amewasaliti wenzake, uwe umeshasikia kwangu. Na ili unihukumu kwa hili la Jumatano, ambalo ndilo kubwa. Nilimwokoa wako nikawaacha wa wengine, nikalala.

Nilikuwa nimekwisha kuandika hapo, dada, nikaanza kukuandikia salamu za mwisho, lakini imenibidi niendelee. Mvua imekaza tangu mchana, bati linapiga kelele mpaka sisikii kalamu. Mwanao aliniomba ruhusa kwenda kuazima atlasi kwa Kicheko, nikamruhusu. Sasa hivi, giza likiingia, amerudi. Amelowa chapachapa, hana atlasi. Amesimama mbele yangu maji yanamchuruzika, na hakungoja niulize. Amesema amemwambia mama yake Kicheko. Amemwambia yote, penseli, ukuta, na waliohama. Anasema aliniitikia kwamba hatasema, na akaona ahadi ile haimtoshi.

Sikumfokea. Nimemvua sweta, nimempa khanga yangu ajifunike. Anatetemeka, na bado ananitazama usoni.

Nasikia watu nje. Si mmoja. Mama yake Kicheko namjua sauti, na kuna wanaume, na mtu mwingine anauliza kama hapa ndipo kwa mwalimu. Wengine, mwanao anasema, wamekwisha kwenda shuleni na tochi kutazama. Anasema mama yake Kicheko hakupiga kelele alipoambiwa. Alizima cherehani, akavaa viatu, akauliza jambo moja tu, na mwanao hakuwa na jibu, kwa hiyo wamekuja kulichukua kwangu. Wanataka kujua nilijua tangu lini.

Nilikuwa nimepanga kesho, dada. Naapa nilikuwa nimepanga kesho. Lakini nikiwaambia hivyo, wewe ungekuwa wao ungenielewa?

Msalimie shemeji. Msalimie kila anayeniulizia huko, na wewe upumzishe miguu. Wanabisha hodi. Mwanao ameshika komeo, anangoja nimwambie afungue.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu wa Sita A